Elisabeth wa Austria: malkia aliyejinyima chakula, na somo lake kwa mama na mlezi

Huenda binti yako ameanza kuruka chakula cha usiku. Au huenda ni wewe mwenyewe: umejifungua miezi michache iliyopita, nguo za zamani hazikuingii, na kila anayekuja kumwona mtoto ana neno la kusema kuhusu tumbo lako. Kisha mtu anakupa ratiba ya kupunguza kilo 10 kwa wiki 2. Asubuhi maji ya ndimu, mchana yai moja, usiku usile kitu.

Kabla hujaianza ratiba hiyo, au hujamwachia binti yako aianze, soma maisha ya mwanamke huyu. Alikuwa na jiko la kifalme na madaktari wa kifalme, lakini kwa miaka mingi aliishi kwa kujinyima chakula. Maisha yake yanatuonyesha jambo ambalo sayansi ilikuja kulieleza vizuri baadaye. Mwili ulionyimwa chakula haujui kama sababu ni urembo au ni ukame. Unachojua ni kwamba kuna njaa, nao hujihami kwa kupunguza matumizi yake na kuila misuli yake wenyewe.

Bibi harusi wa miaka 16

Elisabeth alizaliwa tarehe 24 Desemba 1837 mjini Munich, katika ufalme wa Bavaria, ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Utoto wake ulikuwa wa raha. Alikulia kwa kiasi kikubwa nje ya mji, karibu na ziwa, akipanda farasi na kutembea kwa uhuru. Nyumbani walimwita kwa jina la kifupi, na filamu za miaka ya 1950 zikalitangaza jina hilo duniani kama Sissi.

Mwaka 1853 binamu yake Franz Joseph, Kaizari wa Austria, alipelekewa mchumba. Mchumba mwenyewe alikuwa dada mkubwa wa Elisabeth. Kaizari akamtazama mdogo mtu, akamchagua yeye. Tarehe 24 Aprili 1854 walifunga ndoa mjini Vienna. Bwana harusi alikuwa na miaka 23, bibi harusi 16.

Ikulu ya Vienna ilikuwa na sheria kwa kila kitu: nani akae wapi, nani aseme na nani, malkia avae nini, ale na nani. Mama mkwe wake, ambaye pia alikuwa mama yake mkubwa, ndiye aliyeshika usukani wa nyumba. Watoto wa Elisabeth walipozaliwa, malezi yao yaliwekwa chini ya bibi yao. Wa kwanza, Sophie, alizaliwa mwaka 1855. Wa pili, Gisela, alizaliwa mwaka 1856.

Mwaka 1857 Elisabeth alishikilia kwamba mabinti zake waende naye safari ya Hungaria. Wakiwa huko, wote wawili waliugua. Gisela alipona. Sophie alifariki akiwa na miaka 2. Mama huyo hakuwa amefikisha miaka 20, na alibeba hatia ya kifo kile. Mwaka uliofuata alimzaa Rudolf, mrithi wa kiti. Kwa hiyo kabla ya kutimiza miaka 21 alikuwa amejifungua mara 3 na kuzika mtoto mmoja.

Ukimfikiria hapo, usimfikirie kama malkia. Mfikirie kama mzazi kijana mwenye msiba, asiye na usemi juu ya watoto wake wala ratiba yake. Wahudumu wa afya wanaowatibu watu wenye matatizo ya ulaji hukutana na hali hii mara kwa mara. Mtu anapohisi hana mamlaka juu ya jambo lolote, sahani yake inaweza kuwa kitu cha mwisho anachokitawala.

Kujinyima kunakuwa desturi

Elisabeth alikuwa na urefu wa sentimita 172 hivi, na alijitahidi uzito wake usizidi kilo 50. Kwa urefu huo, uzito huo uko chini ya kiwango ambacho leo kliniki ingekubali kuwa ni salama kwa mtu mzima. Alijipima kila siku. Mizani ikionyesha amepanda, alipunguza chakula zaidi.

Kuna vipindi alivyoishi kwa maziwa, mayai na machungwa. Mara nyingine alikunywa maji ya nyama tu: nyama mbichi ilikamuliwa kwa mashine ikatoa maji yake, nayo hayo ndiyo yaliyokuwa mlo. Katikati ya vipindi hivyo alikula vitu vitamu, kama aiskrimu na keki, kisha akarudi kwenye kujinyima.

Kiunoni alivaa koseti, nguo ngumu yenye mifupa na kamba za kukazwa mgongoni. Usiifananishe na mkaja anaofungwa mzazi ili ajisikie ameshikiliwa. Koseti yake ilikazwa mpaka kiuno kikawa na mzunguko wa sentimita 50 hivi.

Juu ya njaa hiyo aliongeza mazoezi. Katika vyumba vyake vya ikulu ya Hofburg aliwekewa ngazi ya ukutani na pete za kuning'inia, na wageni wanaotembelea Vienna huviona mpaka leo. Alipanda farasi kwa saa nyingi, akahesabiwa miongoni mwa wanawake hodari zaidi wa kupanda farasi Ulaya. Maumivu ya mgongo na mguu yalipomzuia kupanda, alihamia kwenye kutembea kwa kasi kwa saa nyingi kwa siku, mpaka wanawake wa kumsindikiza wakawa wanachaguliwa kwa nguvu za miguu yao.

Kinachotokea ndani ya mwili

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ratiba za kupungua haraka hazikuelezi sehemu hii.

Siku za kwanza za kujinyima, mizani hushuka upesi na mtu hufurahi. Sehemu kubwa ya kilichoondoka ni maji. Ini na misuli huhifadhi akiba ndogo ya sukari pamoja na maji, na akiba hiyo huisha kwanza. Mafuta bado yako palepale.

Akiba ya sukari ikiisha, ubongo bado unahitaji sukari. Mwili huanza kuvunja protini ya misuli na kuigeuza kuwa sukari. Mafuta nayo hutumika, lakini misuli haiachwi. Mtu anayepungua haraka sana, tena bila protini ya kutosha, hupoteza misuli mingi pamoja na mafuta. Kumbuka kwamba moyo nao ni msuli. Katika njaa ya muda mrefu hata moyo husinyaa na kupiga polepole.

Jambo la tatu linahusu umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuitumia. Hata ukiwa umelala, mwili unatumia nguvu kupumua, kusukuma damu na kutunza joto. Chakula kikipungua sana, homoni za tezi ya koo zinazosukuma kazi hiyo hushuka. Mapigo ya moyo hupungua. Mikono na miguu huwa baridi. Hedhi inaweza kukatika, maana mwili unaona huu si wakati wa kubeba mimba. Nywele huota kwa shida. Na kwa kuwa misuli hutumia nguvu hata ikiwa imepumzika, mtu aliyepoteza misuli huhitaji chakula kidogo kuliko zamani. Kwa hiyo anayejinyima huona kilo zimegoma kushuka, akapunguza chakula tena, na mwili nao ukazidi kubana matumizi.

Hali hii ilipimwa kwa makini nchini Marekani mwaka 1945, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Kwa miezi 6 walipewa kalori 1,600 hivi kwa siku, karibu nusu ya walichozoea, huku wakitembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu ambayo miili yao ilitumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40. Walihisi baridi wakati wenzao wanaona joto. Walikosa furaha, wakawa wepesi wa kukasirika, na walifikiria chakula mchana na usiku. Walipoanza kulishwa tena, mafuta yalirudi haraka kuliko misuli.

Angalia tena zile kalori 1,600. Ratiba nyingi zinazopita mkono kwa mkono kwenye simu zina chini ya hapo.

Miguu inayovimba

Mwaka 1860 afya ya Elisabeth iliporomoka. Alikohoa, alidhoofu, na madaktari wakahofia mapafu. Alipelekwa kisiwa cha Madeira kupumzika. Mbali na ikulu alipata nafuu. Aliporejea Vienna mwaka 1861 akaugua tena upesi, akaondoka tena, safari hii kwenda kisiwa cha Corfu.

Baadaye miguu yake ilivimba. Katika miaka yake ya mwisho madaktari waliutaja uvimbe wake kuwa ni uvimbe wa njaa.

Kama umewahi kumpeleka mtoto kliniki, huenda umemwona mhudumu akibonyeza nyayo zote mbili kwa juu kwa kidole gumba, akaachia, akatazama kama shimo linabaki. Anatafuta dalili ya unyafuzi, aina ya utapiamlo inayomfanya mtoto avimbe badala ya kukonda tu. Mwili wenye njaa unaweza kushikilia maji na chumvi. Dalili ya namna hiyo, inayotafutwa kwa mtoto aliyekosa chakula, ilimpata mwanamke ambaye meza yake haikukosa kitu. Hii ndiyo sababu mizani peke yake haitoshi kukuambia mtu anaendeleaje. Maji yanaweza kuficha misuli iliyokwisha, na mtu akaogopa uvimbe huo akidhani ni unene, akajinyima zaidi.

Walimwona, lakini walimsifu

Mwaka 1867 Elisabeth alivikwa taji la Hungaria, na mwaka 1868 akamzaa mtoto wake wa nne, Marie Valerie. Alikuwa na miaka 30 na sifa za uzuri wake zilienea Ulaya nzima. Muda mfupi baadaye alianza kukataa kupigwa picha. Akitoka nje alijificha nyuma ya kipepeo cha mkononi au mwavuli. Uzuri uliosifiwa na kila mtu ulikuwa umegeuka mzigo ambao hangeweza kuutua.

Nyumbani kwake watu waliona. Mumewe alilalamika katika barua zake kuhusu njaa aliyojitesa nayo. Binti yake Marie Valerie alikuwa na wasiwasi juu yake. Lakini mbele za watu kiuno kile kiliendelea kusifiwa, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumsaidia. Ugonjwa wa kujinyima chakula ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuandikwa na madaktari. Mwaka 1873 Gull wa London na Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza hali hiyo kwa wasichana waliowatibu.

Tarehe 30 Januari 1889 mwanawe Rudolf alikufa kwa kujiua katika nyumba ya uwindaji huko Mayerling. Tangu hapo Elisabeth alivaa nguo nyeusi, akasafiri bila kutulia, akiendelea kutembea sana na kula kidogo.

Tarehe 10 Septemba 1898 mjini Geneva, akiwa njiani kwenda kupanda meli, mwanamume mmoja alimchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa. Alianguka, akainuka, akatembea mpaka ndani ya meli bila kujua kwamba amejeruhiwa moyoni. Koseti ilikuwa imembana. Alizimia melini, na muda mfupi baadaye akafariki akiwa na miaka 60. Hakufa kwa njaa. Lakini miaka yake mingi ya utu uzima ilipita akipambana na mwili wake, akiwa na watu pembeni waliompenda na hawakujua la kufanya.

Wewe una nafasi ambayo wao hawakuwa nayo. Leo hali hii inajulikana, na inatibika.

Dalili za kuangalia

Kwa binti au kijana wako wa kiume, na kwako mwenyewe, angalia haya:

- Anaruka milo, au kila mara anasema ameshakula kwingine.
- Anajipima mara kwa mara na siku yake inaharibika kwa sababu ya namba.
- Anahisi baridi wakati wengine hawahisi, anachoka, anapata kizunguzungu.
- Hedhi imekatika miezi 3 au zaidi, na si mimba.
- Nywele zinanyonyoka, nguvu zimepungua, kupanda ngazi au kubeba ndoo kunamshinda.
- Anaingia chooni au bafuni mara tu baada ya kula, au anatumia dawa na chai za kuharisha ili apungue.
- Anafanya mazoezi hata akiwa mgonjwa, na anakasirika akizuiwa.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akizimia, akiumwa kifua, moyo ukipiga polepole mno au bila mpangilio, akitapika damu, miguu ikivimba, akikataa kula kwa siku nzima na zaidi, au akisema hataki kuishi.

Unachoweza kufanya nyumbani

Anza na maneno. Acha kumsifu mtoto kwa kukonda na kumtania kwa kunenepa, na waombe mashangazi na wajomba nao waache. Zungumza naye mkiwa wawili, mkiwa mnafanya kazi nyingine, kama kuchambua mboga. Mwambie ulichokiona bila kumshutumu: umeona hali chakula cha usiku, umeona anasikia baridi, nawe una wasiwasi. Kisha msikilize. Mara nyingi chini ya chakula kuna jambo lingine: msiba, kuchekwa shuleni, ndoa yenye matatizo.

Kuleni pamoja kila inapowezekana. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga misuli: maharage, choroko, mayai, dagaa, samaki, maziwa, karanga au nyama kidogo. Ugali na wali si adui. Ndivyo vinavyoupa mwili nguvu ili usiivunje misuli.

Mtoto na kijana anayekua asiwekwe kwenye ratiba ya kupungua bila ushauri wa mhudumu wa afya. Miaka ya ujana ndiyo mifupa inapojijenga kwa wingi, na nafasi hiyo ikipotea ni vigumu kuirudisha.

Kama wewe unanyonyesha, mwili wako unahitaji chakula zaidi, kalori 500 hivi juu ya kawaida yako kwa siku. Huu si wakati wa maji ya ndimu na yai moja. Tumbo lilichukua miezi 9 kukua, lipe muda wa kurudi.

Na kama mhudumu wa afya amekushauri kupunguza uzito kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu, fanya hivyo taratibu. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Kula protini, na fanya kazi au mazoezi ya kutumia misuli, ili kinachoondoka kiwe mafuta zaidi kuliko misuli.

Onyo moja la mwisho. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu asilishwe ghafla chakula kingi kwa nia ya kumrudisha upesi. Chumvi muhimu za damu zinaweza kushuka kwa kasi na moyo ukaathirika. Anza kwa kumpeleka kituo cha afya, nao watakuonyesha namna ya kuongeza chakula hatua kwa hatua.

Misuli iliyopotea hurudi kwa chakula cha kutosha, kwa kuitumia, na kwa muda. Umetaboli uliopungua nao hupanda tena mwili unapoamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Ukiona dalili leo, usisubiri mtoto akonde zaidi ndipo uamini. Kaa naye mezani usiku huu, na kesho nendeni kliniki pamoja.